Nassoro, Usizime Kikaguzi

Mwanangu Nassoro,

"Aina ni breki za waoga, Mathe. Dereva anayeijua barabara hakanyagi breki kila kona."

Maneno hayo aliyasema rafiki yako Kevo Jumapili iliyopita, hapa mezani petu Msambweni, vidole vikiwa bado vina mchuzi wa nazi, nawe ukacheka. Mlikuwa mkizungumzia programu mliyokwisha kuianza na mnayokwenda kuimalizia Nairobi, ile itakayomwambia muuguzi ampe mtoto dawa kiasi gani kulingana na uzito wake. Mimi nilikuwa nimesema kwamba natumai mtatangaza kila kitu ni cha aina gani, namba ni namba na neno ni neno, na kompyuta iwakague kabla programu haijatoka mikononi mwenu. Ndipo Kevo akanipa ile ya breki.

Ulinitazama ukingoja moto. Unanijua. Umekua ukimsikia mamako akibishana na imamu, na mwalimu mkuu, na wahariri wa magazeti, na kila aliyetaka kuziba njia ya watu ya kwenda ufuoni. Lakini nilimwongeza Kevo wali tu. Jioni ukaniuliza, "Mama, unaumwa?"

Sikuwa nikiumwa. Nilikuwa nikiogopa.

Jibu langu kwa Kevo ni hili. Kwanza, dereva hakanyagi breki kwa kuwa haijui barabara. Anakanyaga kwa kuwa hamjui ng'ombe aliye nyuma ya kona. Barabara ya kwenda Lunga Lunga ninaijua kama kiganja changu, na ng'ombe wa leo si wa jana. Pili, amesema kweli: aina ni za waoga. Mimi ni mwoga, na uoga huu sikuzaliwa nao. Niliupata Jego, kwa kosa langu mwenyewe. Kesho asubuhi unapanda basi pale Ukunda, na wewe huogopi hata kidogo.

Umekwenda Mkongani kumuaga bibi yako, utarudi magharibi. Nyumba iko kimya, ninaandikia kwenye meza yako. Sitakuambia ule nini wala ufue lini. Mamako mkubwa amekwisha kukuandikia hayo na kuyafunga pamoja na kopo la achari. Nitakuambia nililokuficha miaka minane.

Ulikuwa darasa la nane. Mimi nilikuwa nimejifunza kutengeneza kurasa za mtandao peke yangu, kwa vitabu na kwa ukaidi, na hakuna aliyenifikia kwa majivuno kutoka Diani hadi mpakani. Jego kulikuwa na mama mmoja wa makamo, Bi Mwanatumu, aliyejitolea kuwazungukia wanawake waliojifungua. Kila mtoto mchanga alipaswa kuangaliwa siku zake za kwanza: ananyonya? ana homa? macho yana manjano? Alikuwa na daftari lenye jalada la bluu. Jioni alipita kwa mkunga, akaandika nani kajifungua, na asubuhi akaanza mzunguko wake.

Nililiona daftari lile, nikalicheka. Nikamtengenezea ukurasa wa kusoma kwenye simu: mkunga anaingiza mtoto aliyezaliwa, na asubuhi Bi Mwanatumu anafungua, anaona orodha ya nyumba za kwenda. Niliuandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, kwa siku nne. Nilitaka orodha ipendeze macho, kwa hiyo nikaweka mstari mmoja wa kuchukua jina la mtoto na kuliandika kwa herufi kubwa:

mtoto.jina.toUpperCase()

Utazame vizuri mstari huo, Nassoro. Mimi ninauona hata nikifumba macho.

Wewe ulipewa jina siku ya saba. Mbuzi wa akika alichinjwa hapo uani, ukanyolewa, babu yako akalitamka jina lako mbele ya watu. Kabla ya hapo ulikuwa "mtoto wa Mwalimu" tu, kama watu wanavyoniita. Siku sita nilikunyonyesha nikikuita "huyu". Mtu wa Jego hahitaji kuelezwa haya. Na mimi, niliyekulea katika mila hii, niliandika programu ambayo ndani yake kila mtoto duniani huzaliwa akiwa na jina.

Nilifanyaje? Vitabu nilivyosomea vilijaa watu wenye majina. Na watoto niliowatumia kuujaribu ukurasa walikuwa wa majirani zetu wa bara, kule kwenye mashamba ya makazi, ambako jina la babu humngoja mtoto angali tumboni. Majaribio yote yalipita. Kwa hiyo Kevo asije akakuambia kwamba majaribio yanatosha. Majaribio huuliza maswali uliyokwisha kuyafikiria, na mimi swali hilo sikulifikiria, ingawa jibu lake nilikuwa nimelizaa.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda. Mkunga, kwa busara yake, aliandika "mtoto wa fulani" pale penye jina. Kisha akaja mkunga mwingine, mtu mwaminifu, akapaacha wazi, kwa kuwa mtoto kweli hakuwa na jina. Nami nilikuwa nimeiagiza programu kwamba pakiachwa wazi, ihifadhi "hakuna kitu". Sasa, "hakuna kitu" huwezi kukiandika kwa herufi kubwa. Programu ilifika kwa mtoto yule, ikaanguka, na orodha nzima ikaanguka nayo. Ukurasa ukawa mweupe.

Bi Mwanatumu alifungua simu asubuhi, akaona weupe. Akasema alhamdulillahi, leo hakuna aliyejifungua. Akachukua jembe lake, akaenda shambani. Siku ya pili akafungua, weupe ule ule, akaenda shambani.

Mtoto yule alikuwa wa kike, wa Mwanahamisi, kifungua mimba wake. Siku ya tatu macho yalikuwa manjano. Siku ya nne alilala, hakutaka ziwa, na nyumba nzima wakashukuru kwamba wamejaliwa mtoto mpole. Walipoanza kuogopa na kumfikisha hospitali, ngozi yake ilikuwa rangi ya bizari.

Alipona. Ninaliandika haraka usije ukashusha barua. Alipona, na siku yake ya saba akapewa jina Riziki akiwa amelazwa chini ya taa ya bluu ya kutibu manjano, bila mbuzi. Lakini alipokuwa na mwaka na kitu, mamake aliona kwamba sufuria ikianguka nyuma yake, mtoto hageuki. Riziki hasikii. Daktari aliniambia manjano ikizidi huweza kufanya hivyo, na kwamba hawezi kuapa ni zile siku mbili. Nami siwezi kuapa kwamba sizo. Tangu siku hiyo ninaishi kati ya viapo hivyo viwili.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni nililolifanya baadaye.

Riziki alipokuwa angali hospitalini, akina mama wa Jego waliitana. Nilikwenda. Unafikiri niliomba radhi? Nilifanya ninalolijua. Nilisimama mbele yao nikamgeukia Bi Mwanatumu, mtu mzima kuliko mimi, na shikamoo sikumpa.

"Siku mbili, Bi Mwanatumu! Siku mbili ukurasa mweupe, hukuona ajabu? Namba yangu si unayo?"

Alinitazama kwa upole ambao hata leo unaniunguza.

"Mwalimu, si wewe ulinambia nilitupe daftari? Ulinambia hiki chombo hakikosei. Nikakiona cheupe, nikasema basi, hakikosei. Hakuna mtoto."

"Lakini akili yako..."

"Akili yangu ilikuwa ndani ya daftari, mwanangu. Wewe ndiwe uliyelicheka."

Na mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Daftari likiwa jeupe, mtu hujua kalamu imekwisha wino. Ya Mwalimu ikiwa nyeupe, tumwulize nani, Google?" Wakacheka wote, Nassoro, kicheko cha kunitoa mlangoni.

Nikarudi nyumbani, nikaandika makala. Nililaumu barabara, nililaumu mtandao dhaifu, nililaumu wakubwa wasiowaajiri wahudumu wa kutosha. Ilikuwa makala kali, ikasambazwa sana, watu wakanipongeza. Kila nililolisema ndani yake lilikuwa kweli, na mstari wangu wa herufi kubwa haukuwamo. Huo ndio uongo wa watu kama mimi, tunaojua kupanga maneno. Hatudanganyi, tunachagua. Nawe umerithi ulimi wangu, kwa hiyo jihadhari nao.

Mwaka mzima sikugusa programu. Kisha nikaanza kujifunza TypeScript, ambayo, kama ujuavyo, ni JavaScript ile ile iliyoongezewa matamko ya aina. Ninajua kwamba unayajua haya. Nitayasema kana kwamba huyajui, kwa sababu na mimi nilidhani nayajua.

Fikiria jiko langu. Katika JavaScript makopo yote yamefanana na hayana maandishi. Ukitaka sukari unachukua kopo, na kama mlikuwa na chumvi, utajua mgeni atakapotema chai. Kosa limo tangu asubuhi, lakini anayeligundua ni mgeni, na mdomo ni wake. TypeScript inakulazimisha uandike juu ya kopo kabla hujaliweka rafuni: hili ni sukari. Kisha kuna kikaguzi kinachosoma kazi yako yote kabla hujapakua chai. Kikikuona unatia birikani kitu kilichoandikwa chumvi, kinakupigia mstari mwekundu hapo hapo, ungali jikoni, mgeni angali njiani. Aina tuli ndizo hizo. Kosa ni lile lile. Kinachobadilika ni nani analiona kwanza, wewe au mgeni. Na mgeni wetu kule Jego alikuwa na umri wa siku nne.

Nikauandika upya ukurasa wa Bi Mwanatumu. Nikamtangaza mtoto: jina la mama ni neno, tarehe ya kuzaliwa ni tarehe, jina la mtoto ni neno. Nikangoja mstari mwekundu. Haukuja. Kikaguzi kiliridhika kabisa! Nilikaa nikakitazama kwa hasira kama ninavyomtazama mtu aliyekubaliana nami upesi mno. Kisha nikaelewa. Nilikuwa nimeandika uongo juu ya kopo, na kikaguzi hakiijui Kwale. Hakijui akika. Kinajua nilichokiambia tu.

Kwa hiyo nikavaa buibui, nikaenda Jego, mpaka kwa Bi Mwanatumu. Safari hii nilianza na shikamoo. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha simu, nikamweleza kisa cha jina. Alisikiliza akichambua mchicha.

"Kumbe ndicho kilichoiua?"

"Ndicho, Bi."

"Mtoto hana jina bado, Mwalimu. Hajakosa kitu. Anangoja siku yake." Akatupa bua. "Huwezi kumwambia huyo mdudu wako kwamba kuna watu wanangoja?"

Ninaweza. Ndiyo kazi yenyewe. Nilikaa kwenye mkeka wake, nikafungua kompyuta, nikabadilisha tamko moja:

jina: string | null

Jina ni neno, au bado hakuna. Na papo hapo, chini ya ule mstari wangu wa herufi kubwa, ukatokea mstari mwekundu. Kikaguzi kikaniambia kwamba huenda hapa hakuna kitu, na umeandika kana kwamba kipo. Ilichukua sekunde moja. Ningaliweza kuonywa kwa sekunde moja, na sikutaka, kwa kuwa niliona ni kupoteza muda. Nililia pale mkekani, na Bi Mwanatumu akaniacha nilie, akaendelea na mchicha wake. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa mtoto asiye na jina, nitamwona ameandikwaje?" Nikasema, ataandikwa "mtoto wa Mwanahamisi". Akasema, "Kama kwenye daftari." Nikasema, kama kwenye daftari.

Hapo nilijifunza ambalo vitabu havikuniambia. Thamani ya kutangaza aina haiko katika ule mstari mwekundu peke yake. Iko katika swali unalolazimishwa kujiuliza kabla hujatangaza: je, hiki kipo daima? Na ukitaka jibu la kweli, huna budi kuinuka kitini ukamwulize anayejua. Kikaguzi kitakulinda dhidi ya usahaulifu wako. Dhidi ya ujinga wako kuhusu watu hakikulindi. Na kumbuka jambo la pili ambalo wenye bidii ya dini mpya husahau: matamko hayo hufutika programu inapoanza kukimbia. Muuguzi akiandika neno penye namba, TypeScript haipo pale kumzuia. Kila kinachoingia kutoka nje kikague mlangoni, kwa mkono wako.

Kevo atasema ninakuza mambo. Ninamjibu: sijasema kila ukurasa uvalishwe minyororo. Mtu akitaka tangazo la ngoma ya arusi ya Jumamosi, aliandike apendavyo. Likianguka, watu watapigiana simu. Mimi pia niliipenda kasi ile. Raha yake ninaijua: unaandika, inakwenda, hakuna anayekuuliza. Lakini ninyi mnakwenda kuandika kipimo cha dawa.

Na sasa nitakuambia kwa nini barua hii nimeiandika leo.

Kompyuta yako uliiacha wazi mezani. Niliisoma. Kama ni kosa, nitalijibu. Nimeona kwamba ukali wa kikaguzi umezimwa. Si kwa bahati mbaya. Mmeuzima kwa mkono, na pembeni mmeandika "tutawasha baadaye". Kisha nikashuka mpaka pale mlipomtangaza mtoto, nikakuta:

uzito: any

Any. Yaani chochote. Ni sawa na kuandika juu ya kopo "kitu", kisha ukajisifu kwamba umeandika. Kikaguzi kikiona neno hilo kinafumba macho kwa adabu na kupita. Uzito uwe namba, uwe neno, usiwepo kabisa, kwake ni mamoja. Na mistari michache chini yake, uzito huo unazidishwa kupata mililita.

Nassoro, kuna zahanati ambayo mizani yake imeharibika na muuguzi anaacha uzito wazi, kama yule mkunga mwaminifu. Ninyi mtazidisha "hakuna kitu". Na unajua JavaScript itafanya nini? Haitaanguka. Haitakuonyesha weupe. Itakihesabu "hakuna kitu" kuwa sufuri, ikatoa jibu kwa utulivu, dawa sufuri, kwa maandishi mazuri ya kupendeza macho. Mimi nilipata ukurasa mweupe, na mtu angeweza kushuku. Ninyi mtatoa jibu.

Ndiyo maana ninaogopa. Siogopi Nairobi, wala wezi, wala baridi. Ninaogopa siku utakayonipigia simu na nikakusikia umenyamaza, nami nijue kabla hujasema. Ninaogopa kwamba utakuwa hodari wa kujitetea. Sitaki uishi kati ya viapo viwili. Mimi nimekwisha kukaa huko. Nafasi ni ndogo, haitoshi watu wawili.

Nitaitia barua hii kwenye mkoba wa kompyuta, usiipate ila unapoifungua kazini, na Kevo atakuwa anachungulia begani mwako, kwa hiyo ninasema nanyi wote wawili.

Nassoro, Kevo: washeni kikaguzi, sasa, kabla hamjaandika mstari mwingine. Lifuteni lile any. Andikeni kwamba uzito ni namba au bado haujulikani, na mkipigiwa mistari myekundu hamsini, ifuateni yote hamsini, na pale uzito usipojulikana programu ikatae kutoa jibu na imwambie muuguzi kwa nini. Mkimaliza, nendeni zahanati mkamwulize muuguzi hufanya nini mizani ikiharibika.

Na mkiona hiyo ni breki ya waoga, basi pandeni basi mje Jego, nitawapeleka mwenyewe. Riziki ana miaka minane, hukaa kizingitini mwa mamake saa za alasiri. Mwelezeni ninyi kwa nini mna haraka. Lakini jifunzeni kwanza kuyasema kwa mikono.

Mamako